Losheni ya Mwili Niliyoitengeneza Mwenyewe Nyumbani

Ngozi yangu ni kavu na haivumilii manukato makali, ndiyo maana nilitamani losheni ambayo ningejua kila kilichomo ndani yake. Niliposoma namna inavyotengenezwa, nilielewa kwamba sehemu kubwa ya losheni ni maji, na kwamba maji hayo ndiyo yanayohitaji uangalifu kuliko mafuta, kwa kuwa hayachanganyiki nayo kwa hiari, na bakteria na kuvu huzaliana humo kwa urahisi.

Kwa gramu 100 za losheni hutumia gramu 70 za maji yaliyokenekwa (yaliyochemshwa hadi mvuke, kisha mvuke ukapozwa kuwa maji safi), 13 za mafuta ya alizeti, 7 za siagi ya shea, 6 za nta maalumu ya kuunganisha mafuta na maji, 3 za glisirini na 1 ya kihifadhi, yaani kinachozuia bakteria na kuvu. Vyote huvipima kwa mizani, kwani kijiko hakiwezi kuaminiwa pale gramu moja tu inapoweza kuleta tofauti kubwa. Nta ya nyuki, ambayo wengi huitegemea, haitoshi kwa kazi hii: huufanya mchanganyiko uwe mzito, lakini peke yake haiwezi kuyashikilia maji, na baada ya muda hujitenga.

Vyombo huvisafisha, kisha huvipulizia alkoholi ya asilimia 70 na kuviacha vikauke. Maji na glisirini huviweka katika chombo kimoja, mafuta, siagi na nta katika kingine, halafu vyote viwili huvipasha ndani ya sufuria ya maji ya moto hadi kipimajoto kionyeshe kati ya nyuzi 70 na 75 za Selsiasi. Joto la pande zote mbili lazima likaribiane, kwani maji yakiwa ya baridi nta huganda kabla ya kufanya kazi yake. Maji yaliyopotea kwa mvuke huyarudishia kwa kupima upya. Baada ya hapo humimina mafuta ndani ya maji na kuchanganya kwa blenda ya mkono, kwa vipindi vifupi, kichwa chake kikiwa kimezama kabisa ili kisiingize hewa. Mchanganyiko hugeuka mweupe papo hapo, jambo ambalo hadi leo hunifurahisha, kisha huendelea kukoroga taratibu unapopoa. Wepesi wake wa mwanzo usimtie mtu wasiwasi, kwa sababu huendelea kuwa mzito hadi siku inayofuata.

Kihifadhi hukitia joto likishuka chini ya nyuzi 40. Changu kina fenoksiethanoli, kemikali ya kuzuia vijidudu, ambayo sheria za Umoja wa Ulaya hazitaki izidi asilimia 1 katika vipodozi. Naona ni hatari kumwambia mtu kwamba vitamini E inatosha kuchukua nafasi yake: hiyo huchelewesha mafuta kuchacha, ila haizuii bakteria wala kuvu.

Losheni huihifadhi katika chupa ya pampu ili vidole visiiguse, na tarehe huiandika juu yake. Kila ninapobadilisha kiungo, kwanza hupaka kidogo upande wa ndani wa kiwiko na kusubiri saa 24. Nikitaka losheni nyepesi zaidi, hupunguza siagi ya shea na kuongeza mafuta ya alizeti, nikihakikisha jumla ya viwili hivyo inabaki gramu 20.