Soksi Juu ya Viatu

Mama aliponipigia simu ya video Jumapili iliyopita alikuta nimeanika soksi nane za sufu juu ya hita, zote zimetoboka vidoleni. "Mwanangu, huko hawauzi soksi?" Nikamwambia hizo sizivai ndani ya viatu, nazivaa juu ya viatu, nikienda kukwea mawe siku ya mvua. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita dada yangu aje asikie mwenyewe. Niliahidi kueleza vizuri nikipata nafasi. Leo nimetoka zamu ya usiku na usingizi umekataa, basi naeleza.

Naishi Bethesda, mji mdogo wa kaskazini mwa Wales uliokua kwa sababu ya machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba. Mimi ni muuguzi. Miaka miwili ya kwanza sikutoka ndani ila kwenda kazini na dukani, kwa sababu ya mvua. Mvua ya huku haina masika wala vuli. Ule mgongo wa mlima unaoitwa Crib Goch, ambao si mbali na hapa, hupokea zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Sisi watu wa Lushoto tunajiona ndio wenye mvua, lakini hatufikii hata nusu yake. Sasa ukisema unasubiri jua ndipo utoke, utasubiri mpaka mkataba wa kazi uishe. Niliamua kutoka hivyo hivyo, na aliyenitoa ni mwenzangu wa wodini ambaye hukwea mawe tangu utotoni.

Tulikwenda Cwm Idwal. Unapita ziwa la Llyn Ogwen, unapanda kwa miguu kama nusu saa, unaingia kwenye bonde lenye ziwa dogo katikati na kuta za mawe zimelizunguka. Upande mmoja kuna mwamba mpana ulioegemea nyuma, mrefu zaidi ya mita 100, laini kwa kuutazama. Wakweaji wanauita Idwal Slabs, ila jina lake la Kiwales ni Rhiwiau Caws, miteremko ya jibini. Ni mahali pa wanafunzi, na wameanza kupakwea tangu zamani. Kuna njia tatu jirani zenye majina ya Imani, Tumaini na Upendo. Ile ya Tumaini ilifunguliwa, yaani ilikwewa mara ya kwanza, mwaka 1915 na kundi lililoongozwa na mwanamke, Emily Daniell. Nilipoambiwa hivyo nilipata nguvu, nikafunga gidamu za viatu vyangu vipya nikajiona nimeshafika juu.

Viatu hivyo nilivinunua kwa pesa ya zamu mbili. Muuzaji aliniapia kwamba mpira wake unanata popote. Asubuhi ile mvua ilikuwa ya manyunyu tu, ile ambayo kwetu hata nguo hazianuliwi. Nilikwea kama mita 15 hivi. Nikaweka mguu wa kulia kwenye kijukwaa cha jiwe chenye upana wa vidole viwili, nikasimama juu yake, na mguu ukaondoka. Haukuteleza taratibu, uliondoka kama sabuni mkononi. Kamba ilinidaka, lakini goti na kiwiko vilikuwa vimeshagonga mwamba, na wiki nzima niligeuza wagonjwa kitandani kwa mkono mmoja huku nikijifanya sina neno.

Kilichoniuma zaidi ya goti ni kwamba sikuelewa kosa langu. Mguu niliuweka pale pale nilipoambiwa.

Aliyenielewesha ni jirani yangu, mzee wa miaka themanini na ushee ambaye mimi namwita Mzee tu naye amelizoea. Nilimweleza kisa changu pale uzioni. Hakucheka. Aliniambia nisubiri, akaingia ndani, akarudi na jozi ya soksi za sufu nene za kijivu, zimetiwa viraka kisiginoni kwa uzi wa rangi tofauti, na jozi ya raba nyeusi za kitambaa, zile ambazo sisi tulivaa shule ya msingi siku za michezo. "Zivae hizi, halafu hizi juu yake," akasema. Nikadhani nimemsikia vibaya. Akarudia polepole kwa mikono: raba kwanza, soksi juu.

Kumbe kwa watu wa rika lake hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Baada ya vita vya pili vya dunia vijana wengi wa Uingereza hawakuwa na uwezo wa kununua viatu maalumu. Walikwea kwa raba za kawaida, na mwamba ukilowa wanavuta soksi za sufu juu ya raba wanaendelea. Joe Brown, fundi bomba wa Manchester aliyefungua njia ngumu nyingi za milima hii miaka ya 1950, ametoka kwenye kizazi hicho. Na nyuma yao kuna njia nyingine pale pale Idwal inayoitwa Tennis Shoe, kiatu cha tenisi, iliyofunguliwa mwaka 1919 na Noel Odell, yule yule ambaye miaka mitano baadaye alikuwa mtu wa mwisho kuwaona wakweaji wenzake Mallory na Irvine wakiwa hai kule Everest.

Sasa kwa nini soksi inashika pale mpira unapoteleza? Mpira hufanya kazi kwa kujibonyeza ndani ya vinyweleo vya jiwe na kukumbatia kila chembe. Jiwe likiwa kavu na safi hakuna kinachoushinda. Na hata jiwe likilowa, kama ni safi na lina mikwaruzo ya kutosha, mpira bado unafaa. Kule Skye, Scotland, kuna mwamba wa gabro unaokwaruza viganja mpaka damu, na watu wanaukwea mvua ikinyesha. Shida ni ukoga. Miamba ya Wales inayokaa kivulini inaota utando wa kijani, mwembamba kiasi kwamba ukikauka huuoni. Ukilowa unakuwa kama bamia. Mpira unaubonyeza ule utando na kukaa juu yake bila kufika kwenye jiwe. Sufu ina nyuzi. Nyuzi zinapenya, zinafyonza maji, zinaburuta ukoga pembeni, na zinafika chini. Nilipomsikia Mzee akieleza haya nilitazama viatu vyangu vya zamu mbili nikaona sikudanganywa kuhusu mpira wenyewe. Nilidanganywa kuhusu neno "popote". Kiatu kinachaguliwa kwa kile kilichopo katikati ya soli na jiwe, na siku ile katikati palikuwa na bamia.

Kabla ya raba kulikuwa na misumari. Hili nalitaka nilikalie kidogo kwa sababu limenishika moyo kuliko yote. Mzee alinionyesha buti za baba yake, ngozi imekauka kama gome, na soli imezungushiwa misumari ya chuma ukingo mzima. Ukizishika unadhani zimejazwa mchanga. Kulikuwa na misumari ya chuma laini, ambayo jiwe lenyewe linaiuma na kuizuia isiteleze, na kulikuwa na ile ya chuma kigumu yenye meno iliyoitwa Tricouni, jina la utani la fundi wa Geneva aliyeibuni, Félix Genecand. Waliokulia kwenye viwanja vya mpira vya udongo wataelewa haraka: ni njumu, ila njumu za mwamba. Msumari haubembelezi ukoga. Unaukata, unasimama kwenye jiwe. Halford Mackinder na waongozaji wake wawili walipofika kilele cha Batian mwaka 1899, wa kwanza kuandikwa kukifikia kilele hicho cha juu cha Mlima Kenya, buti za misumari ndizo zilizokuwa viatu vya mlimani vya zama zao.

Ukichuchumaa chini ya Idwal Slabs mpaka leo utaiona mikwaruzo yao. Ni mistari mifupi myeupe, mingi, kwenye vijukwaa vile vile ninavyowekea mguu mimi. Nimewahi kuweka kidole juu ya mmoja na kukaa pale muda, nikiwaza ni mguu wa nani, na kama naye siku hiyo alilowa.

Aliyeiondoa misumari kwenye milima ni Mwitaliano, Vitale Bramani. Mwaka 1935 alikuwa na kundi kwenye mlima wa Punta Rasica. Walikuwa wamevaa viatu vyepesi vya kukwelea, hali ya hewa ikawageuka, na wenzake sita wakafa. Alirudi na wazo moja: soli moja itakayotosha kwa jiwe, theluji na njia ya miguu. Mwaka 1937 alisajili hataza ya soli ya mpira yenye meno makubwa, na jina lake likafupishwa kuwa Vibram. Walioikwea K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mara ya kwanza mwaka 1954 walikuwa Waitaliano, na soli zao zilikuwa hizo. Ni kazi ya mtu aliyezika rafiki zake, naiheshimu. Lakini Mzee anakumbuka vizuri jinsi wazee wa Wales walivyozitilia shaka soli hizo zilipofika, kwa sababu moja tu: jiwe lenye ukoga. Na kwa hilo hawakukosea.

Nilipoanza kutafuta zaidi nikakutana na Wajapani, na hapo nilifurahi kwelikweli. Wao wana mchezo mzima unaoitwa sawanobori, wa kuukwea mlima kwa kufuata mto kwenda juu, ndani ya maji, kupitia maporomoko. Kiatu chao cha jadi kwa kazi hiyo ni waraji, kandambili za kusuka kwa majani makavu ya mpunga, zinazofungwa kwa kamba juu ya soksi za kitambaa zilizotenganisha kidole gumba. Majani ya mpunga! Kitu ambacho kwetu kinalishwa ng'ombe. Yanashika mawe yenye ukoga kwa njia ile ile ya sufu, kwa nyuzi, na yanachakaa haraka kiasi kwamba watu walikuwa wakibeba jozi za akiba. Baadaye wengi walihamia soli za sufu iliyoshindiliwa, ambazo wavuvi wa mito nao wanazipenda. Ila hizo zina lawama yake: zinabeba mwani kutoka mto hadi mto, na New Zealand ilizipiga marufuku kwa wavuvi mwaka 2008.

Nilimsimulia mama yote haya kwenye simu. Nilipofika kwenye majani ya mpunga akanikatiza. "Wewe umesahau bibi yako?"

Sikuwa nimesahau, ila sikuwa nimeunganisha. Bibi alikuwa akishuka na viazi kwenda soko la Soni kwa njia ya mkato, udongo mwekundu, mteremko kama paa. Mvua ikinyesha alivua viatu, akavitia juu ya mzigo, akashuka peku. Pale kwenye mawe ya kijito, penye utelezi wa kijani, alikuwa akichuma jani kavu la mgomba, analizungusha mara mbili chini ya wayo, analifunga juu ya kifundo, anavuka, analifungua na kulitupa. Mimi na katambuga zangu za tairi nilianguka pale zaidi ya mara moja na kuloweka daftari. Yeye sikumwona akianguka. Nilidhani ni miguu yake tu, miguu ya mtu mzima aliyezoea. Imenichukua miaka zaidi ya ishirini na kilomita elfu kadhaa kuelewa kwamba yalikuwa ni majani.

Nilirudi Idwal mwezi wa kumi na raba za Mzee. Zilinizidi kidogo, nikavaa soksi nyembamba ndani. Zile nene nilizivuta juu kwa nguvu mpaka sufu ikakaza kwenye vidole, kwa sababu ikilegea inageuka chini ya mguu na hapo ni hatari tupu. Mvua ilikuwa ya kweli siku hiyo, maji yanashuka mwambani kama shuka. Nikafika kwenye kijukwaa changu cha vidole viwili. Nikaweka mguu wa kulia. Nikasikia kitu ambacho mpira haukuwahi kunipa: sufu ilikaa, ikatulia, ikanywa maji, na chini yake nikalihisi jiwe, pamoja na kile kijinundu cha upande wa kushoto ambacho sikujua kama kipo. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikasimama tena kwa mguu mmoja bila sababu yoyote, kwa furaha tu, mpaka mwenzangu aliyeshika kamba akauliza kama niko sawa.

Kwa atakayetaka kujaribu, sufu iwe sufu kweli, si nailoni wala pamba. Jozi moja inamalizika kwa siku moja au mbili, vidole ndivyo vinavyotangulia, kwa hiyo beba nyingine. Penye jiwe kavu zivue, mpira unazishinda mbali. Anza na njia rahisi kuliko uwezo wako, na kamba uwe nayo. Misumari siwashauri kwenye njia safi zinazopendwa, inakwangua jiwe ambalo wengine wanalihitaji. Na yuko ambaye hapaswi kukwea mvuani kabisa, awe na kiatu gani: anayekwea mawe ya mchanga, kama ya Elbe kule Ujerumani. Jiwe lile likilowa linapoteza nguvu na kumeguka, na wenyeji wamekataza kulikwea likiwa limelowa. Wana haki, waheshimiwe.

Mzee hakwei tena, magoti yamekataa. Kila nikirudi napitia kwake kwanza, kabla ya kuoga, na yeye hazitazami picha kwenye simu. Anaomba soksi. Anaingiza mkono ndani, anasukuma vidole kwenye matundu, anatazama yako upande gani, halafu ananiambia mguu upi bado nauogopea. Juzi alisema ni wa kushoto. Mama naye amesema atanitumia uzi wa sufu kutoka Lushoto kwa mtu anayekuja mwezi ujao, nijifunze kutia viraka.