Sekunde za kusubiri aota

Mzee aliletwa jioni kwa machela, kiganja kifuani. Maumivu yalimshika ghafla katikati ya mabega, akasema anasikia kitu kinachanika. Presha ilikuwa juu sana. Daktari wa dharura aliomba CT, picha za eksirei za vipande vya mwili, ya aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kwa kontrasti, dawa ya kung'arisha damu kwenye picha.

Tulianza bila dawa. Aota ilionekana imetanuka, lakini ndani ni kijivu kitupu, kwa kuwa damu na ukuta wa mshipa huzuia eksirei karibu sawasawa. Iodini iliyo ndani ya kontrasti ndiyo huvunja usawa huo: atomu zake nzito hunyonya mionzi, na damu iliyoibeba hung'aa. Majibu ya kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama figo zitaimudu dawa hiyo, yalikuwa bado maabara. Siku nyingine ningeyasubiri, ila kwa aota inayochanika figo huangaliwa baadaye.

Nilimwekea kanula ya kijani, mrija mnene wa kuingizia dawa mshipani, kwenye mkunjo wa kiwiko cha kulia, kwani pampu husukuma mililita nne hadi tano kila sekunde.

“Mzee, utasikia joto linashuka mpaka chini, utadhani umejikojolea. Ni dawa tu.”

“Mwanangu, kwa umri huu hata nikijikojolea si habari.”

Kwenye skrini tuliweka kiduara ndani ya aota. Weupe pale ukivuka uniti 100 za Hounsfield, kipimo cha weupe kwenye CT, mashine huanza kupiga picha yenyewe, na kwa wengi hilo huja kwenye sekunde ya 20 hivi. Ikapita 20, mstari wa kuonyesha weupe umelala. Ikapita 25. Nikachungulia kiooni: mkono haujavimba, basi dawa haijavujia chini ya ngozi. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ukibonyeza mapema utapata vena, mishipa irudishayo damu moyoni, nyeupe na aota kijivu, na dawa iliyokwisha kuingia hairudi kwenye sirinji.

“Acha,” alisema dada niliyekuwa naye zamu, mkongwe wa kazi. “Moyo wake umechoka, unasukuma taratibu.”

Mstari ukainuka. Mzee akaambiwa abane pumzi, meza ikasogea.

Picha zilipofunguka, uzi mweusi ulikuwa umeigawa aota njia mbili, moja ikimeremeta, nyingine hafifu. Upasuko ulianza baada ya tawi linalokwenda mkono wa kushoto, aota inayopanda kutoka moyoni ilikuwa salama. Aina hiyo mara nyingi huanza kutibiwa kwa kushusha presha bila kufungua kifua. Figo ya kushoto ilikuwa ikilishwa na ile njia hafifu, nikamwonyesha daktari. Nikaandika kwenye fomu kiasi cha kontrasti, mzee akapelekwa chumba cha uangalizi maalumu akiwa na dripu ya presha.