Nilivyorudisha mfupa wa taya kabla ya kupandikiza jino

Gego langu la chini liling'olewa hapa Tabora, nikakaa na pengo miaka 4. Nilipotaka jino la kupandikiza, eksirei ilionyesha mfupa umesinyaa. Kumbe mfupa usioshika mzizi wa jino hunyonywa na mwili wenyewe, hasa miezi 6 ya mwanzo. Skrubu ya titani, inayokuwa mzizi wa jino la kupandikiza, haikuwa na pa kushika.

Nikapanda treni hadi Dar es Salaam. Daktari alichana fizi, akajaza chembechembe za mfupa, akafunika kwa utando, akashona.

Sharti gumu lilikuwa kuacha sigara, nami ni mkulima wa tumbaku. Moshi hubana mishipa ya damu, kidonda kikachelewa kupona. Niliacha.

Baada ya miezi 6 skrubu iliingia, ikashika. Wewe unayeng'oa jino kesho, ulizia kujaziwa chembechembe za mfupa kwenye tundu la jino siku hiyohiyo.