Kitanda cha Chini, Carrión de los Condes

Kwenye albergue nyingi, yaani nyumba za kulala mahujaji, za Camino de Santiago, njia ya hija ya Kikristo inayokwenda Santiago de Compostela nchini Hispania, kitanda cha chini ni cha aliyetangulia kufika. Kila anayetembea njia ile analijua hilo kabla hajamaliza wiki ya kwanza. Vitanda ni dabo deka, kama vya bweni: ukiwahi unatandika mfuko wako wa kulalia chini, ukichelewa unapanda ngazi. Umri hauulizwi, cheo hakiulizwi, na huwezi kumwekea nafasi mwenzako ambaye bado yuko barabarani. Wazungu wanaona huo ndio usawa, na kwa mambo mengi nakubaliana nao. Ila mimi nimekulia Kigoma, kwenye nyumba ambayo mzee akiingia mtoto anaondoka kitini bila kuambiwa.

Carrión ni mji mdogo wa Hispania, katika mkoa wa Palencia, kwenye ule uwanda wa ngano wanaouita Meseta. Mahujaji wengi hupenda kulala kwenye albergue ya parokia, karibu na kanisa la Santa María, kwa sababu ya masista Waagustino wanaoihudumia. Nilifika mapema mchana, kisigino cha kulia kikiniwaka moto, nikapata kitanda cha chini pembeni. Kitanda jirani alikuwa amekichukua Mkorea wa makamo. Wakorea ni wengi sana kwenye njia ile kuliko watu wa nchi nyingine yoyote ya Asia, na huyu tulikuwa tukipishana naye tangu mji wa Burgos, siku kadhaa nyuma. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, Kihispania hana. Lakini siku moja alinipa chungwa akilishika kwa mikono miwili, nami nikalipokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa nyumbani, na tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa kuinamiana kidogo.

Saa kumi na moja jioni akaingia mama mmoja Mfaransa, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kabisa. Alikuwa ametembea kutoka Le Puy-en-Velay, huko kwao Ufaransa, maana yake zaidi ya kilomita 1,000 zilikuwa tayari miguuni mwake. Kilichobaki chumbani ni kitanda kimoja, cha juu, juu yangu mimi. Vitanda vya chini walikuwa wamelala vijana wa miaka ishirini na kitu, wengine wanachezea simu. Niliwatazama mmoja mmoja nikisubiri nani atasimama. Hakuna aliyesimama. Hawakuwa watoto wabaya. Wawili kati yao walimsalimia vizuri sana na mmoja akampokea fimbo zake za kutembelea.

Nikasimama mimi. Nafanya kazi Brussels, kwa hiyo Kifaransa kinaniingia. Nikamwambia, "Mama, karibu hapa chini, mimi nitapanda juu." Kwenye Camino watu huitana kwa jina la kwanza, awe na miaka 20 au 80, lakini mama wa umri ule mdomo wangu ulikataa kumwita kwa jina.

Akasema hapana, asante, umefika kwanza, ni chako.

Kwetu mtu hakubali mara ya kwanza. Anayekaribishwa hukataa kwa adabu, mwenye kukaribisha hurudia, ndipo mambo yanakwenda. Kwa hiyo nikarudia. Akakataa. Nikarudia tena, na nikaanza kukunja mfuko wangu. Hapo uso wake ukabadilika. "Bwana, nimesema hapana." Wakati huohuo yule Mkorea naye alikuwa ameshainuka, anaonyesha kitanda chake kwa viganja vyote viwili. Mama akatutazama sote, watu wazima wawili tumesimama kando ya vitanda vyetu, akalirusha begi lake juu na kuanza kupanda. Ngazi ilikuwa ya vyuma vyembamba. Nilimwona akisita kwenye kila kipandio.

Iliniuma. Nilikwenda uani kufua soksi, nikamkuta pale kijana mmoja Mholanzi aliyekuwa ameyaona yote. Akaniambia kwa upole kwamba kwao, kumpa mtu kitanda ambacho hakukiomba ni sawa na kumwambia amezeeka. Nikamjibu kwamba amezeeka kweli, na kuzeeka si tusi. Akafikiri, akasema kwao kidogo ni tusi. Tuliendelea kubishana hadi soksi zikaisha, bila kukasirikiana.

Jioni masista wakatukusanya. Mmoja alikuwa na gitaa. Waliimba, kisha wakamwomba kila mtu aseme ametoka wapi na kwa nini anatembea. Huo ni wakati wa kuona watu walivyolelewa. Waitaliano waliongea wakalia na kukumbatiana. Mfini mmoja alisema jina la nchi yake na neno moja zaidi, akakaa. Yule Mkorea alisimama, akainama, akasema "mama yangu", akashindwa kuendelea. Zamu ya Mfaransa ilipofika, alisema kwamba tangu mume wake afariki, watoto wake hawamwachii abebe hata mfuko wa sokoni. Amekuja kuona kama bado anaweza kubeba vitu vyake mwenyewe. Basi. Hakuniangalia, na sidhani kama alikuwa ananisema mimi.

Baada ya baraka masista walitupa kila mmoja nyota ya karatasi iliyopakwa rangi kwa mkono. Tukala pamoja kile ambacho kila mtu alikuwa amenunua: dengu, saladi, mkate, mvinyo. Nilipokuwa nachechemea kurudisha sahani, Mama akaniita niketi. Alikuwa muuguzi mstaafu. Alichoma sindano kwa kiberiti, akapitisha uzi ndani ya lengelenge langu kutoka upande mmoja hadi wa pili, akaacha ncha mbili za uzi zikining'inia ili maji yatoke taratibu, kisha akapaka ayodini. Hivyo ndivyo mahujaji wengi wanavyofanya, ingawa kuna madaktari wanaoupinga sana ule uzi. Alipomaliza akasema, "Kwa kisigino hiki usingeweza kupanda ngazi. Unaona?"

Taa zikazimwa saa nne usiku, kama kawaida. Mimi sikulala. Mzee aliye sawa na mama yangu mzazi amelala juu ya kichwa changu, na kila alipogeuka chuma kililia. Usiku wa manane nikaona mguu wake ukishuka gizani, unatafuta kipandio, unakosa, unatafuta tena. Nikakishika kisigino chake, nikakielekeza mahali pake. Mguu wa pili vilevile. Akanong'ona "merci", akaenda msalani. Aliporudi, alisimama kidogo pale chini kusubiri niinuke nimshikie ngazi.

Alfajiri kila mtu aliamka na desturi yake. Wengine waliwasha tochi za kichwani na kuchakura mifuko ya plastiki katikati ya chumba, kosa ambalo mahujaji hulilalamikia sana. Mkorea alibeba vitu vyake vyote mikononi hadi ukumbini akafungasha huko, bila sauti.

Kutoka Carrión hadi Calzadilla de la Cueza ni kilomita 17, sehemu kubwa juu ya barabara ya kale ya Warumi, hakuna kijiji hata kimoja katikati. Mama alitangulia. Nilipofika, nguo zake zilikuwa tayari kwenye kamba. Akaniambia chumbani kuna kitanda kimoja cha chini bado kitupu, karibu na dirisha. Hajaniwekea, kimebaki chenyewe. Nikamuuliza yeye amechukua kipi. Akaonyesha kidole juu.

Tukakaa kivulini na vikombe vya kahawa. Akataka kujua: huko Kigoma, mzee asiyependa kusaidiwa hufanyaje? Nikamwambia hukubali. Halafu naye hutafuta kitu cha kumsaidia yule aliyemsaidia, na hakuna anayehesabu nani kaanza.

Akalifikiria hilo kwa muda. Kisha akaniambia nivue kiatu, aone kisigino kimefikia wapi.