Chungu kabla ya bakuli: kumbukumbu ya mradi wangu wa Gede

Jumamosi ya kwanza

Nimeanza na watoto 14 wa Gredi ya Tano na ya Sita kutoka mtaani kwetu hapa Malindi, kwa nia ya kuwafundisha habari za miji ya kale kupitia vitu vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Gede. Kabla hatujapanda matatu niliwauliza ustaarabu wa kale ni nini, na karibu wote wakataja piramidi za Misri. Hakuna aliyeutaja mji wa Gede, ulio kilomita 16 hivi kutoka hapa, uliostawi katika karne ya 14 na ya 15 ukiwa na msikiti mkuu, kasri, visima na kuta za kuuzunguka, na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Siwalaumu. Neno ustaarabu lenyewe limebeba ndani yake jina la watu wa ng'ambo, na mtoto anayelisikia hudhani kwa urahisi kwamba jambo hilo lazima litoke kwingine.

Siku hiyo nilikosea. Niliwasimamisha mbele ya makabati ya vioo nikaeleza kitu kimoja baada ya kingine, nao walipotoa madaftari wakanakili maandishi ya vibandiko neno kwa neno, pasipo kuvitazama vitu vyenyewe.

Jumamosi ya tatu

Jumamosi ya pili mvua ilituzuia, nikapata wasaa wa kufikiri upya. Nilinunua chungu kipya kwa mama mmoja mfinyanzi, nikaazima kingine kikuukuu kwa jirani, kisha nikaviweka vyote viwili juu ya mkeka na kutoa sharti moja: asitokee mtu wa kutaja jina la chombo wala kazi yake mpaka kila mmoja awe amesema jambo moja aliloliona kwa macho au kulihisi kwa mkono. Walianza kwa kusitasita. Kisha msichana mmoja akapitisha kidole chini ya chungu cha zamani, akatuonyesha masizi, akauliza kwa nini yameishia kwenye bega wala hayakufika mdomoni. Mwenzake akajibu kwamba moto huramba chini na ubavuni tu, mafiga yanapokibeba chungu. Wa tatu akaona kwamba mdomo uliopinda nje humpa mpishi mahali pa kushika kwa kitambaa, na pia pa kukazia kamba akitaka kukifunika kwa jani.

Tulipofika tena kwenye makabati, walivisoma vigae kama watu waliokwisha kufundwa. Mbele ya vyombo vya Uchina vyenye rangi ya kijani, mvulana ambaye hasemi sana alitamka, "Mwalimu, hiki hakikupikiwa." Nilimuuliza amejuaje. Akasema hakina masizi, tena kinang'aa, basi huenda kilikuwa cha kuandalia wageni. Hapo ndipo nilipowaeleza jambo ambalo wiki ya kwanza lingepita hewani: sehemu kubwa mno ya vigae vinavyofukuliwa katika miji ya Waswahili ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani, na vile vya ng'ambo ni sehemu ndogo. Bakuli la Uchina lathibitisha kwamba mji ulifanya biashara na mbali. Chungu chathibitisha kwamba mji ulikuwa na wenyewe, waliopika na kula kila siku. Tangu siku hiyo nimeazimia kuanza na chungu kila mara, na bakuli lifuate.

Jumamosi ya nne

Tulizunguka magofuni. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, na nyumba kadhaa zikapewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, ya Taa ya Chuma, ya Kijaluba cha Pembe, ya Ushanga wa Venisi, ya Sarafu za Kichina, ya Kauri. Sarafu zile zina tundu la mraba katikati, na watoto walikisia wenyewe kwamba zilitungwa kwenye uzi. Neno kauri liliwatatiza kidogo, kwa kuwa kwetu ni simbi wa baharini na pia ni chombo cheupe cha udongo.

Mtoto mmoja aliokota kigae njiani akanipa kwa furaha. Sikumkaripia. Nilimwuliza kililala wapi, karibu na ukuta upi, na juu ya tabaka gani la udongo, akashindwa kukumbuka. Akaelewa kwamba ushahidi wa kigae umo katika mahali pake vilevile. Akakipeleka mwenyewe kwa mlinzi. Vitu hivi vinalindwa na sheria, lakini ningependa wavilinde kwa kuelewa.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuipa nyumba yako jina la kitu ambacho mchimbaji angekikuta baada ya miaka 500.

Jumamosi ya tano

Majina yalikuja mengi: Nyumba ya Chupa, Nyumba ya Kikombe, Nyumba ya Mbuzi, kwa mbuzi ya kukunia nazi. Tulibishana kwa muda mrefu kuhusu hiyo mbuzi, kwani ubao wake huliwa na mchwa na chuma chake huliwa na kutu ya chumvi. Msichana yule wa masizi alinyamaza. Kisha akasema kwamba kitu kikubwa cha nyumbani kwao ni mikeka anayoisuka hawe wake, yaani bibi yake, nayo haitabaki hata mmoja.

Leo, wiki moja baadaye, ameleta bonge la udongo mbichi limefungwa kwa jani la mgomba. Amelikandamiza juu ya mkeka, na mistari ya ukili imejichora wazi, mmoja juu ya mmoja, hata pale hawe alipounga mwaa mpya panaonekana. Tumeliweka kivulini likauke polepole lisipasuke, na Jumatatu nitalipeleka kwa mfinyanzi alichome pamoja na vyungu vyake.