Walimnyang'anya mwanangu sahani

Nimetoka shuleni kwa mwanangu, hapa Ohio, Marekani, mikono bado inatetemeka.

Jana yeye na mwenzake mzungu walisukumana kwenye foleni ya chakula. Kosa lile lile, dakika ile ile. Mwenzake kaambiwa aombe radhi. Wangu kasimamishwa siku 3. Nikauliza kwa nini. Eti mwanangu "anatisha". Ana miaka 9 jamani! Usiku bado ananiomba nisizime taa ya korido.

Njiani nikamuuliza walisukumania nini. Akanyamaza, akatazama dirishani, halafu akasema: "Mama, walinichukulia sahani." Akaunti yake ya chakula ina deni, hata dola 20 halifiki. Mhudumu alimwaga chakula cha moto kwenye pipa la taka mbele ya watoto wote, akampa mkate baridi wenye kipande cha jibini. Mwenzake akamcheka. Chakula kinamwagwa na mtoto ana njaa! Kwetu hata mgeni usiyemjua humnyang'anyi sahani.

Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka wa masomo 2017–18 zinasema watoto weusi walikuwa kama asilimia 15 ya wanafunzi, lakini asilimia 38 ya waliosimamishwa. Nilizisoma zamani kama habari za watu wengine.

Jimbo jingine, Minnesota, walipitisha sheria ya chakula cha bure shuleni mwaka 2023. Kumbe inawezekana.

Jumatatu narudi pale na baba yake, nataka maelezo kwa maandishi. Wazazi mliopitia haya, mlianzia wapi?