Nahodha kaniuliza habari za mwezi

Jioni hii nimeshuka Deep Sea, pale boti za wavuvi zinapotia nanga Tanga, kuulizia boti. Ndugu zetu wa Dodoma wanakuja likizo Tanga, na bahari wanaijua kwenye picha tu.

Nikamwambia nahodha: Jumamosi kisiwa cha Toten, Jumapili tuteremke Pangani, twende kisiwa cha Maziwe.

Akaniuliza, "Mwezi utakuwa umefika ngapi siku hiyo?"

Nikabaki namtazama.

Mzee akachovya kidole kwenye maji yaliyotuama ndani ya boti, akachora duara kwenye ubao mkavu. "Maziwe hiyo." Halafu akapitisha kiganja, duara lote likafutika. "Na hayo ndiyo maji yakijaa."

Maziwe ni fungu la mchanga, miti haina tena. Maji yakijaa linafunikwa, na kujaa na kupwa kwa maji kunafuata mwezi, ndiyo maana mzee kauliza. Kwa hiyo mnakwenda maji yakipwa, mnaangalia samaki kwenye matumbawe, mnaondoka mapema. Toten ni rahisi, iko hapo hapo ghubani, na magofu yake ya misikiti.

Basi ratiba nimeipangua yote, na shangazi keshanuna 😂

Mliowahi kwenda Maziwe, jua lile watoto mnawakinga na nini? Na mtu mzima anayeogopa maji mlimpandishaje botini?